Ziwa Lilifungwa, Kodi ya Chumba Haikufungwa

Mama zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Mlio nyuma sogeeni kivulini, sauti ya muuguzi mstaafu haifiki mbali.

Nimeombwa nizungumzie afya ya mwanamke. Najua mnangoja habari za presha na vidonge. Mimi naanza na kodi ya chumba.

Mnakumbuka mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wazaliane. Sina ugomvi na hilo. Dagaa wakiisha tutaanika nini? Lakini hapa Kibirizi, Kigoma, anayenunua dagaa mwaloni mitumbwi inapotua, akaanika, akauza, mara nyingi ni mwanamke. Kipato kikasimama miezi mitatu. Kodi haikusimama. Na wenye nyumba mnawajua: miezi sita kwa mkupuo. (Msininunie, nami nina vyumba viwili vya kupangisha.)

Sasa mtazameni mjamzito. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8 ya kliniki, la kwanza kabla ya wiki 12. Kila hudhurio ni nauli ya bodaboda na siku bila biashara. Nauli imeingia kwenye kodi, maharage yameingia kwenye kodi. Anakuja mimba ina miezi sita. Ukimfunua kope, ndani peupe. Unampa vidonge vya kuongeza damu, anarudi kulekule.

Na huko chumbani! Amehamia cha bei nafuu: dirisha moja, dari hakuna, mbu wanapita kati ya ukuta na bati. Mvua ikinyesha jiko la mkaa linaingia ndani. Moshi wa kuni tunaukimbia kwa sababu unawasha macho. Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, inamnyima mtoto pumzi tumboni, na mlango ukifungwa inaua waliolala.

Aliyeajiriwa sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Mwanika dagaa hana hata moja. Ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake. Vizuri. Ila marejesho hayajui kama umejifungua juzi; nimewaona wakirudi mwaloni kitovu cha mtoto hakijadondoka.

Naomba mawili. Ziwa likifungwa, marejesho nayo yasimame. Na kodi ilipwe mwezi kwa mwezi. Mwenyekiti wa mtaa yule pale, ameshika daftari. Andika, baba: vyumba vyangu viwili, kuanzia mwezi ujao.