Chakula, Damu na Msichana: Tupimeje Inflamesheni?

*Mhadhara kwa wanafunzi wa afya ya jamii, Kampala*

Dada zangu na kaka zangu, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja.

Ukijikata kidole unaiona inflamesheni: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Hiyo ni kinga ya mwili ikiwa kazini, nayo hupoa. Ipo nyingine ya chinichini, haiumi, hudumu miaka na huchangia kisukari na maradhi ya moyo. Je, mlo wa msichana wa miaka ishirini unaichochea au unaituliza? Swali hili hujibiwa haraka mno.

Kipimo kinachotumika sana ni CRP, protini inayotengenezwa na ini, iliyogunduliwa New York mwaka 1930. Ikiwa chini ya miligramu 1 kwa lita, hatari ya moyo huhesabiwa ndogo. Ikizidi 3, kubwa. Ikipita 10, usikimbilie kulaumu chapati. Tafuta maambukizi kwanza, kisha pima tena baada ya wiki mbili hivi.

Kwetu Uganda hilo ni zito. Malaria huipandisha CRP kuliko mlo wowote, na vimelea vyaweza kuwamo damuni bila homa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huipandisha, na mafuta ya tumboni pia. Asiyeuliza hayo atapima malaria na vidonge, halafu aandike kwamba amepima chakula.

Linaloniudhi hasa ni jinsi tunavyokipima chakula chenyewe. Damu huwekwa kwenye barafu na kukimbizwa maabara; chakula hupewa dakika tano. “Jana ulikula nini?” “Rolex na chai, jioni posho na maharage.” Imeandikwa, imekwisha. Mafuta ya ile rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, yalikuwa kiasi gani? Maharage yaliungwa kwa nini? Dodo, yaani mchicha, ilitiwa binyebwa, ule mchuzi wa karanga? Na waliokula sinia moja, nani alikula kiasi gani? Mlo wa Ijumaa si wa Jumanne, wa mwisho wa mwezi si wa katikati, na wa Ramadhani una saa zake. Siku moja haitoshi. Uliza siku kadhaa zisizofuatana, wikendi ikiwamo, ukiwa na vikombe na vijiko mkononi ili aonyeshe kipimo.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walitunga faharasa ya mlo na inflamesheni, yaani alama inayoonyesha kama mlo unaichochea au unaituliza. Toleo la 2014 lina vipengele 45, kuanzia nyuzinyuzi hadi manjano na tangawizi. Ni kazi nzuri. Ila mboga ya nakati na dagaa wa mukene haviingii humo kwa majina yao. Huingia kupitia viinilishe vyake. Bila jedwali la vyakula vyetu, kama lile la mradi wa HarvestPlus la 2012 kwa Uganda ya kati na mashariki, alama utakayompa msichana wa Jinja ni ya kukisia.

Mwisho, madini ya chuma. Msichana hupoteza damu kila mwezi, na akiba yake ya chuma tunaipima kwa feritini, protini inayoihifadhi. Lakini inflamesheni huipandisha feritini, akiba iliyokwisha ikaonekana ipo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 15 kwa lita kwa mtu mzima mwenye afya, na 70 kwa mwenye maambukizi au inflamesheni. Kwa hiyo mkienda vijijini, msipime feritini bila CRP kwenye damu ileile. Mwenye 40 na homa msimwambie yu salama.