Ngozi Yako Kati ya Asubuhi na Alasiri

(Mhadhara uliotolewa Lamu mjini baada ya swala ya Isha, mbele ya wavuvi, manahodha, mama karanga wanaokaanga na kuuza samaki, wachukuzi, walimu na wazazi.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa Lamu, Shela, Matondoni na Kipungani, nanyi mliovuka maji kutoka Mokowe, nawashukuru kwa kuitikia mwito. Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa ngozi kwa mtu ambaye siku yake imejaa shughuli, na ambaye sehemu kubwa ya shughuli hizo iko nje, juani na chumvini. Urembo hauna ubaya, lakini sio uliotukusanya usiku huu. Kilichotukusanya ni kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka kiwashe, kipasuke au kitoke maji.

Rai yangu naieleza mapema ili mnipime kwayo. Kinga ya kwanza ya ngozi ni kujua saa na kutafuta kivuli. Ya pili ni nguo. Krimu ya kujikinga na jua ni ya tatu. Anayeanza na krimu huku akisahau mawili ya mwanzo hutumia fedha nyingi na bado huungua.

Tuanze na jua lenyewe. Lamu iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la mchana haliendi mbali na utosi wetu, na mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, hupita wima kabisa juu ya vichwa vyetu. Pamoja na mwanga na joto, jua hutoa miale isiyoonekana iitwayo urujuanimno. Miale ya aina ya B ndiyo inayounguza ngozi kwa haraka; ile ya aina ya A huzama ndani zaidi, hupenya hata kioo cha dirisha, huzeesha ngozi na kuchochea madoa meusi usoni. Kuna kipimo cha kimataifa cha ukali wa miale hii: kikifika 3, mtu anashauriwa ajikinge, kikifika 11, huhesabiwa kuwa ukali wa kupindukia. Huku kwetu, mchana wa mbingu safi, kufika 11 na kupita si jambo la ajabu.

Hapa kuna kosa ambalo nataka tuliangalie kwa makini. Wengi hupima jua kwa joto, na joto halitoi habari za miale. Wakati wa kaskazi mtu huona mwili unachemka akakimbilia kivulini mwenyewe. Wakati wa kusi upepo hupuliza, wingu jepesi hutanda, mvuvi akavua shati kwa kuwa hasikii ukali, ilhali hadi asilimia 80 ya miale hiyo inaweza kupenya wingu jepesi. Ongezeni kwamba mchanga mkavu wa ufuoni hurudisha juu karibu asilimia 15 ya miale inayouangukia, na povu la bahari karibu asilimia 25. Ndiyo maana nahodha aliyekaa siku nzima kwenye kivuli cha tanga hushuka jioni uso umemuwaka. Jua halikumjia kutoka juu peke yake.

Basi tutumie kipimo gani, ikiwa joto linatudanganya? Madaktari wa ngozi wana kanuni ya kivuli: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua ni kali na yakupasa ujikinge, kikiwa kirefu kuliko wewe, miale imepungua. Kanuni hii wanaifundisha watu kama jambo jipya, lakini sisi tumelelewa nayo tangu chuo cha Kurani. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu hapa, Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na kimo chake, pamoja na kile kivuli kidogo kilichobaki jua lilipokuwa juu kabisa. Kwa maneno mengine, mwadhini anapoadhini Alasiri, kivuli chako kimekwisha kukufikia kimo au kukupita, na sehemu kali ya siku iko nyuma yako. Upande wa asubuhi, hali kama hiyo huwa mnamo saa tatu na robo au na nusu. Kwa hiyo muda wa hatari ni kuanzia saa tatu na nusu asubuhi mpaka Alasiri, na kilele chake ni pale Adhuhuri inapokaribia kuingia. Hakuna haja ya simu wala chombo chochote. Simama wima, utazame chini.

Wazee waliojenga mji huu walikielewa kivuli. Vichochoro vyetu ni vyembamba, kuta za mawe ya matumbawe ni ndefu na nene, na kila nyumba kubwa ina daka la kupumzikia mlangoni, hata mtu anaweza kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine saa saba mchana na jua lisimguse ila mara chache. Tatizo ni kwamba riziki yetu haiko vichochoroni. Iko gatini, jahazini, kwenye mikoko inakokatwa boriti, kwenye mchanga wa Shela wanakotembezwa wageni. Huko hakuna ukuta, na kivuli ni cha kupangwa. Wachukuzi wanaoweza kuteremsha saruji kabla ya saa tatu na nusu wakamalizia baada ya Alasiri wameikinga ngozi kuliko chupa yoyote ya dukani. Najua maji hayamngoji mtu, na chombo huingia bamvua, yale maji makuu ya bahari, linaporuhusu. Pale ambapo saa haina hiari, turubai mbili juu ya miti minne, palipo na mapumziko ya dakika kumi kumi, zitafanya kazi kubwa.

Sasa nguo. Kanzu, buibui, kikoi kilichotupwa mabegani, shati la mikono mirefu, vyote hivi ni kinga halisi, mradi kitambaa kiwe kimeshonana. Chukua leso yako mpya na leso iliyofuliwa miaka mingi, uinue moja baada ya nyingine kuelekea dirishani. Ile mpya utaona rangi tu. Ile ya zamani utaona nukta za mwanga kati ya nyuzi, na kama unaiona mikono yako nyuma yake, jua nalo litakiona kichwa chako chini yake. Rangi nyeusi au nzito huzuia zaidi kuliko nyeupe ya kitambaa hichohicho, na fulana nyembamba nyeupe ikilowa maji ya bahari hupunguza kinga yake sana. Wavuvi wangu, fulana iliyowaganda mwilini isiwape matumaini makubwa.

Kofia ya vito ni fahari yetu, nami nimeivaa usiku huu, lakini kofia hiyo haina ukingo, na masikio, shingo na pua hubaki wazi. Kwa kazi za baharini vaeni chepeo lenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, au mfunge kilemba kinachoteremka shingoni. Macho pia yana ngozi laini kuyazunguka, na mtu aliyezoea jua, upepo na mchanga bila miwani anaweza kuota kinyama kinachotambaa kutoka pembe ya jicho kuelekea kwenye mboni. Miwani myeusi inayozuia urujuanimno si anasa kwa nahodha.

Tukishamaliza hayo, ndipo tufike kwenye krimu. Namba inayofuata herufi SPF kwenye chupa inaeleza kinga dhidi ya miale ya B. Krimu ya 15 huzuia karibu asilimia 93, ya 30 karibu asilimia 97, na ya 50 karibu asilimia 98. Mnaona kwamba kutoka 30 hadi 50 faida ni ndogo, kwa hiyo asiyeweza kununua ya bei ya juu asione amekosa. Linalofaa kutazamwa zaidi ni kama chupa inaeleza kwamba inakinga na miale ya A pia. Hizo asilimia lakini hupimwa kwa krimu iliyopakwa ya kutosha, na wengi hupaka robo hadi nusu tu ya inayohitajika. Kwa uso na shingo, mimina mistari miwili, ukijaza urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Usisahau masikio, mgongo wa viganja na juu ya nyayo.

Kinga ya krimu hudumu takriban saa mbili, na hupungua mapema zaidi kwa jasho na kuogelea. Wengi huniambia hawana nafasi ya kukumbuka kujipaka kila baada ya saa mbili katikati ya kazi. Kwa mtu anayeswali, siku imekwisha kupangwa. Jioshe kwa sabuni kabla ya udhu wa Adhuhuri, ili kusibaki utando wowote utakaokutia shaka kuhusu maji kufika kwenye ngozi, swali, kisha jipake upya kabla ya kurudi kazini. Hapo katikati ya asubuhi jipake tena mara moja unapokunywa kahawa. Maswali ya fikihi nawaachia masheikh wetu waliopo hapa, ambao wana haki nayo kuliko mimi.

Kuna wanaouliza: sisi watu weusi tunahitaji haya yote? Melanini yetu, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, ni neema kubwa, hupunguza sana hatari ya saratani ya ngozi inayotokana na jua, lakini haituondolei kila dhara. Ngozi nyeusi huungua bila kuwa nyekundu. Mwenyewe husikia imekaza, ina moto na inauma, na baada ya siku chache hubabuka. Madoa meusi ya mashavuni huchochewa na jua, na kwetu hukaa muda mrefu kuliko kwa mtu mweupe. Aidha, saratani hatari ya ngozi iitwayo melanoma, inapompata mtu mweusi, mara nyingi huota mahali pasipo na uhusiano na jua: kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa watu wanaotembea pekupeku mchangani, doa jeusi linalokua kwenye wayo, mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha, au kidonda kisichopona kwa mwezi mzima lazima kionyeshwe hospitali, wala kisipakwe dawa ya kubahatisha.

Nataka nikae kidogo juu ya ndimu, kwa sababu madhara yake nayaona mara kwa mara na watu hawayatarajii. Kijana anauza sharubati ufuoni. Anakamua ndimu tangu asubuhi, maji yake yanamchirizika kutoka kiganjani hadi kiwikoni, naye amesimama juani. Siku hiyo hasikii kitu. Kesho yake au keshokutwa mkono unamuwaka, malengelenge yanatoka, na yakipona huacha michirizi myeusi inayofuata njia ileile maji yalikopita, ikadumu wiki nyingi au miezi. Ndani ya ndimu, hasa gandani, mna kemikali ambazo zikipigwa na miale ya A huichoma ngozi. Watoto wamewahi kudhaniwa wamepigwa, kumbe walikuwa wakichezea maganda. Dawa yake ni rahisi: osha mikono kwa sabuni kabla ya kutoka juani. Na dada zangu mnaojipaka ndimu usoni ili kuondoa madoa, nawaomba kwa moyo wangu wote mwache, kwa kuwa ndiyo inayowaongezea.

Nikiwa hapohapo, niseme pia juu ya mkorogo, ule mchanganyiko wa kujichubua ngozi. Zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi vilipigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1998, na bado vikopo visivyo na maelezo vinauzwa. Zebaki huharibu figo. Dawa za steroidi zinazochanganywa humo hukondesha ngozi hata ikashindwa kustahimili jua la kutoka sokoni hadi nyumbani. Liwa iliyosagwa vizuri haina madhara hayo kwa walio wengi, nami naipenda; isipokuwa haijapimwa kama kinga ya jua, kwa hiyo isichukue nafasi ya mtandio.

Baada ya kazi, ondoa chumvi. Chumvi ikikauka mwilini hukwaruza mapajani na kwapani, na vipele vya harara hupata nguvu kwenye jasho lililofungiwa. Kata chache za maji matamu zinatosha, na sabuni ya mche, iliyotengenezwa kufulia nguo, isiguse uso. Jipanguse bila kusugua, kisha ngozi ikiwa bado na unyevu jipake mafuta ya nazi au ya mgando, ambayo huyafungia maji hayo ndani. Mwenye magaga ayapake usiku na kuvaa soksi. Mafuta hayo ni ya jioni. Asubuhi hayakingi jua.

La mwisho ni la watoto wetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina melanini ya kuwakinga, na ambao saratani ya ngozi huweza kuwafika wangali vijana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya, na serikali, kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, hutoa losheni ya kujikinga na jua bila malipo. Losheni pekee haitoshi ikiwa mtoto anasimamishwa gwaride saa nne asubuhi kwa kaptura na shati la mikono mifupi, na akivaa kofia anaadhibiwa kwa kuvunja kanuni ya sare. Walimu wakuu mlioko hapa, nawaomba mruhusu mikono mirefu, suruali ndefu na chepeo, mumkalishe mtoto huyo mbele, mbali na dirisha, na muyapeleke mazoezi ya michezo baada ya Alasiri kwa wanafunzi wote, asionekane yeye ndiye aliyewasababishia. Naomba uamuzi huo upatikane kabla muhula haujafunguliwa. Wazazi wenye watoto hao, baada ya maswali mtanikuta hapa barazani, tuandike pamoja maombi ya losheni.