Msiniulize Unene, Niulizeni Bolti: Mhadhara juu ya Deraya za Manowari

Mabibi na mabwana, na nyinyi vijana wa uhandisi, asanteni kwa kufika. Kila mada hii inapoletwa, swali la kwanza ni lile lile: deraya, yaani vazi la chuma la kukinga ubavu wa meli ya vita, ya manowari fulani ilikuwa na unene gani? Mtu anatajiwa inchi nne na nusu, au inchi kumi na mbili, anaridhika, anakwenda zake. Mimi siridhiki, na leo nitasema tena kwa nini. Bamba la chuma lililoegemezwa ubavuni mwa meli si deraya bado. Linakuwa deraya likishikwa, na kinacholishika ni bolti. Kati ya mwaka 1860 na 1880 kazi kubwa ya kuboresha deraya ilifanyika kwenye bolti, kwenye mbao na kwenye maungio, na vitabu vingi vinaipa kazi hiyo mistari miwili.

Habari za Gloire ya Ufaransa na Warrior ya Uingereza, manowari za mwanzo za bahari kuu zenye deraya, mnazijua, sirudii. Nataka tu muutazame ukuta wa Warrior kwa mpangilio wake, kutoka nje kwenda ndani. Kwanza kuna bamba la chuma cha kufua, milimita 114. Nyuma yake kuna mbao za msaji, milimita 457. Halafu ngozi ya ndani ya chuma, milimita 16, iliyopigwa ribiti (misumari ya chuma inayopondwa ncha) kwenye mataruma, yaani mbavu za meli. Jumlisha: milimita 587. Bolti inapita katika vyote hivyo. Kichwa chake chenye umbo la koni kimezama usoni mwa bamba, na nati yake iko ndani, upande wa mabaharia. Huo upande wa nati ndio unaonishughulisha.

Tufe la mzinga linapopiga bamba, bamba linabonyea mahali pamoja na mbao za nyuma zinabanwa. Kisha mbao zinasukuma kurudi, na bamba lote linataka kuruka nje. Bolti zinavutwa kwa ghafla. Bolti ikikatika, inakatika kwenye meno ya skrubu, pale nati ilipokaa, na nati pamoja na kipande cha ncha vinaruka ndani ya meli kama risasi. Tufe lenyewe limebaki nje, bamba halikutoboka, na baharia amekufa. Sitii chumvi. Tarehe 7 Aprili 1863, mbele ya Charleston kule Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, manowari Nahant ya upande wa Kaskazini ilipigwa na mizinga ya ngome za majimbo ya Kusini yaliyoasi. Ndani ya chumba cha usukani bolti ilikatika kwa kishindo cha pigo la nje, ikampiga mshika usukani, Edward Cobb, akafa. Aliyekuja kuuliza unene wa chumba kile angejibiwa kuwa ulitosha, na kweli ulitosha kuzuia tufe!

Sasa, kwa nini inakatika kwenye meno? Najua kuna anayesema moyoni, “Basi weka bolti nene zaidi.” Hilo ndilo jibu la kwanza la kila fundi, na ni jibu baya. Tufanye hesabu ya kukadiria. Chukua bolti yenye shina la milimita 75. Ukichonga meno, kina cha meno kinakula chuma, na kwenye mzizi wa meno kinabaki kipenyo cha milimita 65. Eneo la pale ni kama asilimia 75 tu ya eneo la shina. Nguvu inayovuta ni moja. Kwa hiyo chuma cha kwenye meno kinapofikia kikomo na kuanza kunyooka, chuma cha shina kiko kwenye robo tatu ya mzigo huo, hakijasumbuka hata kidogo. Kunyooka kote kunatokea kwenye meno machache kati ya nati na shina, tuseme milimita 20. Chuma cha kufua kizuri kinaweza kurefuka kama asilimia 20 kabla ya kukatika. Asilimia 20 ya milimita 20 ni milimita 4. Bolti ya nusu mita na zaidi inakatika ikiwa imerefuka milimita 4! Ni kamba ndefu iliyolika mahali pamoja: urefu wake wote hausaidii kitu.

Kinachoua pigo la tufe ni nguvu ya kuvuta ikizidishwa kwa urefu wa kunyooka. Ukinenepesha shina bila kugusa meno, umeongeza uzito na ugumu, na kunyooka kumebaki kule kule kwenye meno, pengine kumepungua.

William Palliser wa jeshi la Uingereza, yule yule wa makombora ya chuma cha kusubu chenye ncha ngumu, alifanya kinyume cha kile ambacho kila mtu angefanya. Alilipunguza shina. Alilichonga mpaka kipenyo chake kikalingana na mzizi wa meno, au hata chini yake kidogo. Bolti ikawa nyembamba, ikawa nyepesi, na ikawa na nguvu zaidi mbele ya pigo. Sasa mzigo unalingana urefu wote, na shina zima la zaidi ya nusu mita linanyooka. Ile asilimia 20 inahesabiwa juu ya milimita 550, si 20. Hata kama kwa vitendo utapata nusu ya hiyo, bado ni zaidi ya mara kumi ya mwanzo. Njia nyingine ya kufikia hapo hapo ni kuacha shina na kuvimbisha ncha kwenye moto, kisha kuchonga meno kwenye ule uvimbe.

Lakini bolti ya namna hiyo inadai mambo manne, na fundi akiruka moja anaharibu yote. Chuma chake kiwe laini, kinachopindika kikiwa baridi. Chenye fosforasi nyingi hukatika kwa baridi kama kioo. Meno yachongwe kwa mzizi wa mviringo, si kwa kona kali, maana kona kali ndipo ufa unapoanzia. Pale shina linapokutana na kichwa na pale linapokutana na meno, kipenyo kibadilike taratibu. Na tundu kwenye mbao liwe kubwa kuliko shina ili bolti isibanwe kando, kwa sababu bamba likisogea pembeni bolti iliyobanwa inakatwa kwa mkasi, na kunyooka kote tulikokutafuta kunapotea. Chini ya nati waliweka washa ya mpira mnene kati ya washa mbili za chuma, ili mshtuko wa kwanza upungue kidogo. Baadaye wakatengeneza nati yenye mgongo wa duara inayokaa kwenye washa yenye umbo la kikombe, ili bamba likiinama nati igeuke nalo badala ya kuipinda bolti.

Mwingine ananiambia, “Kwa nini wasichomelee?” Ndugu yangu, kuchomelea kwa umeme unakokujua wewe hakukuwapo katika miaka ya 1860. Na hata kungekuwapo, bamba lililochomelewa moja kwa moja kwenye mataruma linapitisha kishindo chote kwenye mifupa ya meli. Ribiti je? Ribiti ni fupi, hainyooki. Kichwa chake kinaruka.

Tena wapo waliotaka mabamba yashikane yenyewe. Warrior ilipewa ulimi na mfereji kwenye kingo: ukingo wa bamba moja una ulimi unaoingia kwenye mfereji wa jirani yake. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo, kuchonga kingo za bamba la tani nne ni kazi ghali mno, pigo la bamba moja linahamia kwa jirani, na bamba likiharibika huwezi kulichomoa bila kuwagusa wenzake. Meli zilizofuata ziliuacha mtindo huo. Kingo ziliwekwa bapa, bamba kwa bamba, kila moja na bolti zake.

Nije kwenye mbao. Kwa nini msaji? Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana: majahazi ya Bahari ya Hindi yamejengwa kwa msaji wa Malabar, pwani ya India, kwa vizazi, na bara siku hizi tunaupanda kwa jina la mtiki. Mti huu una mafuta yake, hauozi haraka, haupanuki na kusinyaa ovyo, na muhimu kuliko yote, hauli chuma. Mwaloni wa Ulaya una asidi, na ukiugusisha chuma kwa maji ya chumvi, bolti inalika ndani kwa ndani huku kichwa na nati vikionekana vizima. Kazi ya mbao ni tatu: kutandaza pigo juu ya mataruma mengi, kumeza mtikisiko usifike kwenye nati, na kushika vipande vya bamba likipasuka. Mbao haziongezi sana uwezo wa kuzuia tufe lisitoboe; anayehesabu milimita 457 za msaji kama deraya anajidanganya. Na ngozi ya ndani isisahauliwe, maana bila hiyo mbao zenyewe hutema vibanzi, na vibanzi vinajeruhi watu wengi kuliko tufe.

Kuhusu deraya ya matabaka, yaani mabamba membamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, nitasema haraka. Mnara wa mizinga wa Monitor, manowari ya Kaskazini katika vita vile vile vya Marekani, ulikuwa na matabaka 8 ya bamba la inchi moja. Virginia ya Kusini, iliyopambana nayo Machi 9, 1862, ilikuwa na mawili ya inchi mbili juu ya mbao za inchi 24. Matabaka hayalingani na bamba moja la unene huo huo. Kwa hesabu ya kupinda peke yake, ukinzani hufuata mraba wa unene: matabaka 8 yanayoteleza yanakupa 8, bamba moja la inchi 8 linakupa 64. Bolti zinayafunga, kwa hiyo tofauti halisi ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo. Ericsson, aliyeibuni Monitor, alitumia inchi moja kwa sababu ndicho kilichopatikana haraka. Meli ilianzwa Oktoba 25, 1861, ikashushwa majini Januari 30, 1862. Simlaumu.

Muda unakimbia na sijagusa chuma chenyewe. Bamba la chuma cha kufua lilitengenezwa kwa kurundika vipande, kuvipasha hadi vikaribie kuyeyuka na kuvipitisha kwenye roli mpaka vishikane. Mavi ya chuma yakibaki kati ya vipande, pale hapakuungana, na pigo linalifungua bamba kurasa kwa kurasa. Ndiyo maana sampuli zilipigwa kwa mzinga wa tufe la ratili 68 kutoka yadi 200 kabla ya kupokelewa.

Mizinga ilipokua, unene ulifika mwisho wake. Manowari Inflexible ya Uingereza, iliyoshushwa majini 1876, ilibeba inchi 24 za chuma katika mabamba mawili na msaji kati yake na nyuma yake. Mwaka huo huo, kwenye majaribio ya La Spezia, Italia, mzinga wa tani 100 ulitoboa mabamba ya chuma ya inchi 22. Bamba la feleji, yaani chuma cha pua, la kiwanda cha Schneider cha Ufaransa lilipasuka vipande, lakini kombora halikupita. Waingereza wakajibu kwa kumimina feleji ngumu juu ya bamba la chuma laini, na viwili hivyo vikabanduka kwenye ungio. Majaribio ya Annapolis, Marekani, Septemba 1890: bamba hilo la mchanganyiko likaharibika kabisa, la feleji likapata nyufa, la feleji yenye nikeli likabaki bila ufa.

Halafu akaja Harvey wa Marekani, aliyeuzika uso wa bamba kwenye makaa kwa wiki mbili hadi tatu katika joto kali, mpaka kaboni ya usoni ikafika kama asilimia moja na kufifia ndani ya milimita 25, kisha akalipoza kwa maji. Halafu Krupp, kiwanda cha Ujerumani, akaongeza kromiamu, akaacha mgongo laini, akapata kwa inchi 10.2 kinga ya inchi 12 za Harvey.

Na bolti? Uso mgumu hautobolewi. Tundu usoni ni mwanzo wa ufa. Kwa hiyo bolti ikaacha kupita. Ikaanza kuchongewa tundu kutokea mgongoni, kwenye chuma laini, la kina kifupi lisilofika tabaka gumu. Shina jembamba likabaki vile vile, nati ndani vile vile. Kupinda bamba lifuate ubavu wa meli, kukata kingo na kuchonga matundu hayo vyote vilifanyika kwa vigezo vya mbao kabla ya kulitia ugumu. Baada ya hapo ukingo uliokosewa haukubali msumeno wala keekee. Unasagwa kwa jiwe, polepole, au bamba linarudi tanuruni.