Usiniambie wewe ni mbishi

Marahaba, kaeni, kaeni, na nyie wa nyuma sogeeni huku viti vipo. Nimepewa dakika arobaini niwaelezee kazi ya uwakili na kipaza sauti kishakula tatu, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nani hapa anataka kuwa wakili? Haya, shusheni. Wewe, kwa nini? Nilijua tu. "Nyumbani wananiambia mimi mbishi."

Kila shule ninayokwenda napewa jibu hilohilo na kila mara linaniuma, maana kuna watoto wapole kabisa, wanaopenda kusoma, wasiotaka kelele, wamejitoa wenyewe kwenye sheria kwa kudhani hii ni kazi ya watu wenye mdomo. Jamani, hii ni kazi ya macho na masikio. Mdomo unakuja baadaye, tena baadaye sana. Ngoja niwape kisa cha Gideon, na waliowahi kunisikia wanivumilie, hiki nitakirudia mpaka nistaafu.

Clarence Earl Gideon, jimbo la Florida, Marekani, mwaka 1961. Mtu maskini, shule aliishia darasa la nane, na alishafungwa huko nyuma. Usiku mmoja kuna sehemu ya kuchezea pool inavunjwa, mashine za kuuzia vitu zinavunjwa, hela zinachukuliwa. Shahidi mmoja anasema nilimwona Gideon anatoka mle ndani alfajiri na chupa ya mvinyo, soda, na mifuko imejaa sarafu. Basi, amekamatwa. Anasimama mbele ya jaji anasema naomba nipewe wakili, sina hela ya kuweka wangu. Jaji anamwambia samahani, sheria ya Florida inaniruhusu nikupe wakili kama kesi yako ni ya adhabu ya kifo tu. Kwa hiyo mzee akajitetea mwenyewe. Na msidhani alikaa kimya, aliongea, alihoji mashahidi, alibisha kwelikweli. Akapigwa miaka 5.

Umenielewa wewe mbishi wangu? Alibisha, akafungwa.

Huko gerezani akachukua penseli, penseli hii hii mnayochorea, na karatasi za gereza, akaiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani mwezi Januari 1962 kwamba nilihukumiwa bila wakili na hiyo si haki. Wakaisoma! Maombi kama hayo kutoka kwa wafungwa yalikuwa yanaingia kila siku lakini kuna mtu alikaa akaisoma. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9, hakuna aliyepinga, wakasema mtu akishtakiwa kwa kosa kubwa na hana uwezo, serikali impe wakili. Wengi kisa wanakiishia hapo, wanapiga makofi. Mimi utamu wangu unaanzia hapo, kwa sababu hukumu ile haikusema Gideon hana hatia, ilisema kesi ianze upya.

Agosti 1963 mahakama ni ileile, jaji ni yuleyule, shahidi ni yuleyule na maneno yake yaleyale. Kilichobadilika ni kimoja tu, safari hii Gideon ana wakili, anaitwa W. Fred Turner. Turner huyu alifanya nini? Alikuwa ameshaifanya kazi kabla hata ya kuingia mahakamani. Alienda kwenye eneo la tukio akaliangalia kwa macho yake. Akamtafuta dereva teksi aliyembeba Gideon alfajiri ile. Sasa sikilizeni hapa. Shahidi anasema alimwona Gideon anatoka na chupa na soda, anakwenda kwenye simu, anasubiri teksi. Dereva teksi anaulizwa, ulipomchukua alikuwa ameshika nini? Hakushika kitu. Hakuna mvinyo, hakuna bia, hakuna soda. Na yule shahidi naye Turner anamdodosa, na wewe alfajiri yote ile ulikuwa unafanya nini nje ya jengo lile? Mpaka watu wakaanza kujiuliza kama shahidi mwenyewe hakuwa akiwaangalizia wezi njia. Juri, yaani wale raia wanaoamua kesi, walikaa kama saa moja wakarudi na jibu, hana hatia. Alishakaa ndani karibu miaka miwili.

Dereva teksi alikuwepo siku zote, wanangu. Tatizo hakuulizwa swali lile.

Sasa najua kuna mmoja hapa anajisemea moyoni, sawa, lakini si mawakili ndio wanaotetea wezi? Nasikia swali hili kwenye misiba, kwenye daladala, kila mahali. Huyo Gideon mwenye rekodi ya jela kila mtu alishamwita mwizi kabla ya kesi, na kila mtu alikosea. Kazi ya wakili wa utetezi ni kumlazimisha anayeshtaki athibitishe. Mteja akiniambia kwa siri kwamba amefanya, siri ile siitoi, lakini pia siruhusiwi kusimama mbele ya jaji nikasema uongo kwa niaba yake wala kumleta shahidi ninayejua anadanganya. Ukifanya hivyo unafutwa kazi hii na unastahili.

Turudi kwenye macho. Hebu niandike ubaoni: "Mpangaji atalipa maji na umeme au ulinzi kila mwezi." Nimekutana na sentensi kama hii kwenye mkataba halisi, watu wazima wamesaini. Mpangaji analipa nini? Ehe. Huyu anasema maji na umeme, au alipe ulinzi peke yake. Huyu anasema maji lazima, halafu achague umeme au ulinzi. Na binti wa pale dirishani anasema nini? Rudia kwa sauti, mama. "Nani anayechagua, mpangaji au mwenye nyumba?" Mmesikia? Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliisoma hiyo karatasi mara mbili ndipo nikaliona hilo swali. Na msidhani ni mchezo, kule jimbo la Maine, Marekani, madereva walidai hela zao za ovataimu kwa sababu ya koma iliyokosekana kwenye sheria, mahakama ya rufaa ikawasikiliza mwaka 2017, na mwaka uliofuata yakaisha kwa kulipwa dola milioni 5.

Mtaniambia siku hizi kompyuta inasoma. Mwaka 2023 New York mawakili walitaja mahakamani, ili kutetea hoja yao, kesi za zamani walizopewa na ChatGPT, programu ya kompyuta inayojibu maswali, kesi zenyewe hazipo duniani, wakapigwa faini ya dola 5,000. Hawakuhakikisha kwanza kama zipo!

Naona mwalimu anaonyesha saa. Haraka haraka basi. Njia ya kufika inategemea nchi, kwingine unatoka sekondari unaingia shahada ya sheria moja kwa moja halafu mafunzo ya vitendo na mitihani, Marekani unasoma shahada yoyote kwanza ndiyo miaka 3 ya sheria. Mawakili wengi hawasimami mahakamani kabisa, wapo kwenye mikataba, ardhi, makampuni, kuandika sheria zenyewe. Mabinti, Cornelia Sorabji, mwanamke kutoka India, alifanya mtihani wa sheria chuo kikuu cha Oxford, Uingereza, mwaka 1892, shahada wakampa 1922 kwa sababu wanawake walikuwa hawapewi, hesabuni wenyewe hiyo miaka, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuwarudisha nyuma leo. Mambo ya mshahara nilikuwa nayo lakini hayatoshi muda, mtaniuliza nje.

Kengele hiyo. Mbishi wangu usiondoke, nakili hiyo sentensi ya ubaoni uiandike upya isiwe na maana mbili, na ukimaliza mpe yule binti wa dirishani aisome kabla hujaniletea mimi.