Kuwaaga Wenyeji Wangu: Safari za Mwisho Ulaya Kabla ya Kurudi Dar es Salaam

Waheshimiwa walimu, ndugu wanafunzi mnaojiandaa kwenda kusoma ughaibuni, na wazazi mliokuja kuwasindikiza, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie maisha ya Ujerumani, lakini kwa ruhusa yenu nitashika sehemu yake ndogo tu, yaani wiki tano za mwisho nilizoishi Leipzig, kwa sababu wiki hizo zilinionyesha mambo ambayo miaka sita iliyotangulia niliyapita bila kuyatazama.

Anayehama Ujerumani hapati nafasi ya kupumzika. Notisi ya nyumba hutolewa miezi 3 kabla, vyumba hukabidhiwa vikiwa safi ili dhamana irudi, na usajili wa makazi hufutwa manispaa. Katikati ya shughuli hizo nilibakiwa na siku chache, akiba ndogo, na kibali cha ukaazi kilichokuwa bado hai, ambacho kiliniruhusu kuingia nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, bila kuomba viza. Wenzangu walinishauri niione Paris, Roma na Venice. Ushauri wao ulikuwa mzuri, lakini sikuufuata. Nilihisi kwamba mgeni anayeondoka huaga kwanza wenyeji wake, na wenyeji wangu katika bara lile walikuwa watu wa pwani yetu waliofika kabla yangu na ambao hawakujaliwa kurudi kuishi kwao.

Safari pekee ya ndege ilikuwa ya Lisbon, nayo nitaipita haraka. Katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, mtaa wa Belém, lipo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Alifariki Kochi mwaka 1524, lakini mifupa yake ilirejeshwa Ureno. Nilitoka kanisani nikijiuliza ni nani aliyewahi kuwarejesha wa kwetu.

Safari zilizobaki nilizifanya kwa treni za mikoa, kwa ile tiketi ya mwezi iliyoanza mwaka 2023 kwa bei ya euro 49. Hamburg nilikwenda kwa ajili ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Makaburi ya Ohlsdorf ni makubwa kiasi kwamba basi la abiria hupita ndani yake na kusimama vituoni, na nililazimika kuuliza njia mara tatu kabla ya kufika penye mawe ya ukoo wa Ruete, ukoo wa mumewe. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, na kufikia mwaka 1870 alikuwa mjane mwenye watoto watatu wadogo katika nchi yenye baridi na lugha ngeni. Mwaka 1885 alirudi Unguja akitumaini kupatana na kaka yake, Sultani Barghash, lakini kaka hakukubali kumwona. Alirudi tena mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu, na hatimaye akafia Jena mwaka 1924. Jiwe lake lina maneno ya Kijerumani yanayomsifu kuwa ni mwaminifu hadi ndani kabisa ya roho yule anayeipenda nchi yake kama alivyoipenda yeye. Inasimuliwa kwamba alizikwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Mimi nilikuwa na tiketi ya kurudi mfukoni, na mbele ya jiwe lile niliona aibu kwa kila siku niliyoilalamikia safari ya kurudi kana kwamba ni adhabu.

Berlin niliiweka mwisho. Katika jumba la makumbusho ya viumbe hai na historia yao limesimama dubwana la Tendaguru, mifupa ya dinosaria yenye kimo cha zaidi ya mita 13, iliyochimbwa katika kilima cha Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Watu wetu waliibeba kichwani na mabegani, mzigo baada ya mzigo, siku kadhaa za njia hadi bandarini. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikumbukwa mwaka 2007 pale aina moja ya dinosaria ilipopewa jina la Australodocus bohetii. Naamini kwa dhati kwamba mtoto wa Lindi anastahili kuiona mifupa ile bila kuomba viza.

Kutoka hapo nilitembea kwa miguu hadi Brunnenstraße. Mbele ya nyumba moja, kati ya mawe ya kawaida ya njia, limepachikwa bamba la shaba lisilozidi kiganja, mojawapo ya yale mabamba ya kuwakumbuka waathirika wa utawala wa Wanazi, ambayo sasa Ulaya nzima yamepita 100,000. Linamtaja Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Akiwa bado mtoto alitumika pamoja na baba yake katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malimbikizo ya mishahara yao. Alikataliwa. Akabaki, akahudumia wateja mezani, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili, hadi mwaka 1941, chini ya utawala wa Wanazi, alipokamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alifariki katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Bamba lilikuwa limefunikwa na majani makavu na vumbi. Nilichuchumaa, nikavua skafu yangu ya mwisho ambayo Dar es Salaam nisingeihitaji tena, nikalisugua hadi herufi zikang'aa. Wapita njia walipita pembeni yangu kimyakimya. Nilimsomea Fatiha, kisha nikamsalimu kwa Kiswahili na kumwambia kwamba kesho jioni ninapanda ndege ya kwenda kwao.