Sponji Akianza Kuoza Tangini

Karibuni sana. Mlio nyuma, sogeeni mbele, maana kipande hiki cha sponji mkavu nitakachowapitishia ni kidogo.

Jambo nililojia leo ni moja: sponji anayekufa ndani ya tangi la samaki wa maji ya bahari tunampa muda mrefu mno. "Ngoja kidogo tuone, huenda akarudi." Katika kungoja huko ndiko samaki wanakofia.

Sponji ni mnyama, ingawa hana moyo, tumbo wala neva. Kazi yake ni kuvuta maji kupitia vitundu vidogo, kuchuja bakteria na chembe ndogondogo, kisha kuyatoa kwa tundu kubwa. Mtoe nje ya maji na hewa itakwama ndani ya vijifereji vyake. Pale ilipokwama, maji hayapiti tena na nyama inakufa. Wengi wa sponji mnaowanunua walianza kufa siku muuzaji alipowainua kutoka kwenye mfuko ili mteja aone rangi.

Dalili mnazijua: anapauka, nchani kunakuwa na weupe au ukijivu, unatokea utando wenye utelezi, halafu nyama inamomonyoka na kubaki kiunzi. Msichanganye hilo na sponji aliyefunga vitundu vyake kwa muda. Huyo amenyong'onyea, ndiyo, lakini ukimpulizia maji kwa bomba la sindano hatoi uchafu. Anayeoza hutoa.

Sasa sikilizeni hili la Nairobi, maana ushauri mwingi tunaosoma umeandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu yake. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini inapungua kwa kiasi hicho hicho. Tangi la Mombasa na la South B, joto lile lile na chumvi ile ile, hayalingani. Bakteria wanaoozesha sponji hula oksijeni hiyo hiyo haba. Stima ikipotea usiku pampu zikasimama, asubuhi utakuta samaki wamelala ubavu. Na kuna amonia, inayotokana na nyama kuoza. Kwenye maji ya bahari, yenye pH (kipimo cha uasidi) ya 8.2 hivi, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali yake ya sumu kuliko kwenye maji yasiyo na chumvi ya pH 7. Kwa hiyo kipimo ambacho mfugaji wa tilapia angekivumilia, wewe usikivumilie.

Kwa hiyo unafanya nini? Vaa glavu, maana sponji wengine wana vijisindano na sumu vinavyowasha vibaya. Izamishe bakuli ndani ya tangi, mwingize sponji humo, umtoe akiwa bado ndani ya maji. Kata sehemu iliyooza kwa wembe mpya, tena ingia kidogo kwenye nyama nzima, usione huruma. Kama zaidi ya nusu imeoza, usikate, mwondoe wote. Nyonya mabaki kwa mpira, badilisha kama robo ya maji kwa maji ya chumvi yenye joto na chumvi sawa, ongeza pampu ya hewa, weka mkaa wa kuchujia. Nasema mkaa wa kuchujia maji ya tangi, si makaa ya jiko! (Mnacheka, lakini nimeulizwa.) Pima amonia jioni hiyo na asubuhi inayofuata.

Kipande kilichobaki kikiwa kizima usikidharau. Mwaka 1907, Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sponji kupitia kitambaa hadi akawa chembechembe, na chembe hizo zikajikusanya upya zikawa sponji tena. Kirudishe mahali penye mkondo, mbali na mwani unaoweza kumfunika.

Chanzo nacho kitafuteni. Kama mlitibu samaki kwa dawa yenye shaba ndani ya tangi hilo, msiendelee kutafuta. Kama maji ya bomba yaliingia na klorini yake, vivyo hivyo. Lakini mara nyingi ni njaa tu: skima, kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, imesafisha maji mpaka hakuna cha kuchuja. Wale wa rangi ya chungwa wenye matawi, wanaouzwa kwa bei ya kutisha, hawategemei mwanga hata kidogo. Hufa polepole kwenye tangi safi. Mimi singewanunua. Wale wadogo wanaojiotea wenyewe chini ya mawe, gizani, ndio wanaodumu, na hawakugharimu hata shilingi.

Naam, mama pale dirishani? Anauliza kama anaweza kumpeleka baharini sponji aliyebaki, akienda Mombasa Desemba. Hapana, mama. Hujui alitoka bahari gani wala amebeba nini. Mfunge kwenye mfuko, mtie kwenye taka.