Umepasuliwa varikosili: boda urudie lini?

SISTA MWANAIDI: Karibuni tena kwenye kipindi chetu. Dokta Kombo leo kaja na karatasi, ina pointi sita.

DOKTA KOMBO: Saba. Na leo tunazimaliza.

MWANAIDI: Haya, inshallah. Ila juzi nimepanda boda, dereva kakaa tako moja tu, jingine linaning'inia. Namuuliza, umeanguka? Ananiambia, hapana sista, nimepasuliwa mishipa ya korodani, leo siku ya sita.

KOMBO: Na wewe ukabaki hapohapo juu ya boda?

MWANAIDI: Nikashuka, nikampa nauli yote, nikamwambia nenda kalale.

KOMBO: Hakulala huyo. Hesabu ya bosi, ile hela ya kila siku ya mwenye pikipiki, iko palepale.

MWANAIDI: Fungua karatasi yako.

KOMBO: Pointi ya kwanza, maumivu. Kwa msikilizaji mgeni, varikosili ni vena za korodani zilizotanuka. Huwa kushoto zaidi, maana vena ya kushoto inapanda hadi kwenye vena ya figo na kuingia kwa pembe ya mraba. Ya kulia inaingia kwa mshazari kwenye vena kuu. Valvu, vile vilango vya ndani ya vena, zikilegea, damu inarudi chini. Mpasuaji anachana sentimita 2 hadi 3 kwenye kinena, anafunga vena, anaacha ateri, mirija ya limfu na mrija wa mbegu.

MWANAIDI: Plasta yenyewe ndogo kama kiberiti, ndiyo maana wanaidharau. Siku mbili za kwanza, barafu. Ifunge kwenye kitambaa, dakika 15, toa, pumzika saa nzima, rudia. Usiweke barafu tupu kwenye ngozi, hasa kama ganzi ya mgongoni haijaisha: unaungua na huhisi.

KOMBO: Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila saa 6, visizidi vinane kwa saa 24. Ibuprofeni 400 baada ya kula, na mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asiiguse. Asprini usijinunulie, inachochea kutoka damu.

MWANAIDI: Na chupi ya kubana, usiku na mchana, wiki mbili. Iinue korodani, isiache alama pajani. Mpya, ya pamba. Nguo za ndani za mitumba TBS, shirika la viwango, walishazipiga marufuku, lakini ukipita sokoni unaziona zimetandikwa.

KOMBO: Kinachowatisha wengi ni rangi. Siku ya tatu hadi ya tano mfuko wa korodani unakuwa wa zambarau, mpaka uume. Damu kidogo iliyovuja kwenye kidonda inashuka chini, basi. Inafifia yenyewe. Lakini mfuko ukivimba haraka, ukawa mgumu na maumivu yanapanda, hapo usisubiri asubuhi. Vilevile homa ya 38 na kuendelea, usaha, au mkojo kugoma.

MWANAIDI: Mkojo kugoma ni wa siku ileile, ganzi ya mgongoni ndiyo inafanya. Usiruhusiwe kwenda nyumbani hujakojoa.

KOMBO: Pointi ya pili, kazi. Wa ofisini, siku tatu mpaka wiki. Kunyanyua zaidi ya kilo 5, wiki mbili hapana. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, sihitaji kueleza. Tendo la ndoa, wiki moja hadi mbili, maumivu yakishaisha. Pointi ya tatu...

MWANAIDI: Umeruka boda.

KOMBO: Boda wiki mbili, kama kunyanyua mizigo.

MWANAIDI: Wiki nne.

KOMBO: Sista!

MWANAIDI: Nne. Gia iko mguu gani?

KOMBO: Kushoto.

MWANAIDI: Na varikosili iko wapi? Kila akibadili gia anakunja nyonga ya kushoto, kinena kinavutwa palepale penye mshono. Mjini hapa anabadili gia mara ngapi kwa safari moja? Kiki iko kulia, sawa, lakini akiipiga uzito wote wa mwili anausimamisha kwa kushoto.

KOMBO: Atumie stati ya umeme.

MWANAIDI: Betri za kijiweni unazijua wewe? Halafu akisimama kwenye foleni, pikipiki inapita kilo 100, juu yake abiria na gunia. Inalala upande, anaishika kwa mguu na tumbo lote limekaza. Ukikaza tumbo presha inapanda kwenye vena zote za chini. Kidonda cha siku 14 ngozi imeshika, ndani bado hakijakomaa.

KOMBO: Ndani nakubali. Ila ukimwambia nne, anarudi siku ya sita. Umemwona mwenyewe. Nikimwambia mbili, kwa masharti, ananisikiliza: nusu siku, safari fupi, hakuna mshikaki wa abiria wawili, hakuna mzigo, njia ya lami.

MWANAIDI: Lami ina matuta.

KOMBO: Apunguze mwendo!

MWANAIDI: Akipunguza, abiria anamlaumu. Ampe mtu deiwaka, amwendeshee huo mwezi.

KOMBO: Deiwaka akishatoa hesabu ya bosi, kinachobaki ni chake. Mgonjwa anakula nini?

MWANAIDI: Ndiyo apange kabla ya kupasuliwa. Varikosili si ajali, tarehe unapewa. Aongee na bosi mapema, aweke akiba.

KOMBO: Akiba ya mwezi, kijana wa boda.

MWANAIDI: Akitokwa na damu ndani, akirudishwa chumba cha upasuaji, hiyo ni miezi mingapi?

KOMBO: Wengi hawatokwi.

MWANAIDI: Wengi hawaendeshi boda.

KOMBO: Mimi nabaki na mbili.

MWANAIDI: Baki nazo. Wodini kwangu naandika nne.

KOMBO: Fundi mitambo anaonyesha vidole vitano. Dakika tano! Karatasi yangu jamani.

MWANAIDI: Chagua.

KOMBO: Busha, basi. Miezi kadhaa baadaye maji yanaweza kujaa kuzunguka korodani, kwa sababu mirija ya limfu ilifungwa pamoja na vena. Kwa hadubini ni chini ya mmoja kwa mia. Bila hadubini ni wengi zaidi. Watu wa Pwani wanadhani ni busha la mbu wa matende. Silo. Uliza kabla ya upasuaji kama kuna hadubini au miwani ya kukuza.

MWANAIDI: Na ukipapasa wiki za mwanzo ukakuta kamba ngumu, ni vena zilizofungwa, damu imeganda ndani. Usikimbilie kusema imerudi.

KOMBO: Ganzi ndogo pajani kwa ndani?

MWANAIDI: Neva imeguswa, mara nyingi inarudi. Sema kipimo cha mbegu, hilo ndilo wanalouliza wake zao wanaotafuta mtoto.

KOMBO: Miezi mitatu, si kabla. Mbegu moja inachukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, ukipima wiki ya nne unapima za zamani. Jizuie siku mbili hadi saba, chupa safi ya maabara, usitumie kondomu ya kawaida. Ukitolea nyumbani ifike ndani ya saa moja, iweke karibu na mwili isipoe.

MWANAIDI: Hiyo ilikuwa pointi ya ngapi?

KOMBO: Ya sita. Ya tatu, ya nne na ya tano sijazigusa.

MWANAIDI: Wenye zamu ya saa kumi wameshafungua mlango. Kusanya karatasi, Dokta.